Jumapili za miaka mitatu kwa hesabu moja

Saa mbili usiku, daftari la hesabu liko mezani. Mtoto ameliangalia swali moja kwa dakika kumi. Mzazi aliyerudi kazini amechoka anasema, “Mbona mzito hivyo?” Au anasema lile linalosikika katika nyumba nyingi: “Hata mimi hesabu zilinishinda.”

Maneno hayo si madogo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuatilia watoto wa darasa la kwanza na la pili. Wale ambao wazazi wao waliogopa hesabu, na bado wakawasaidia mara kwa mara kazi za nyumbani, walijifunza kidogo kuliko wenzao mwaka ule, na hofu yao ya hesabu ikawa kubwa zaidi.

Mzazi wa namna hiyo asaidieje? Jibu limo katika kisa cha namba moja kubwa.

Ukizidisha 2 zilizo 67, kisha ukatoa 1, unapata 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliiweka katika orodha ya namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kwamba si tasa, lakini hakupata vigawo vyake.

Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati jijini New York, profesa Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni. Inasimuliwa kwamba hakusema neno. Aliandika namba hiyo, kisha pembeni akazidisha kwa mkono 193,707,721 mara 761,838,257,287. Majibu yakalingana, ukumbi ukapiga makofi. Alipoulizwa kazi hiyo ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Kuvitafuta vigawo kulichukua miaka. Kuvihakiki kulitosha ubao mmoja. Na kuhakiki ndiko mzazi yeyote anakoweza, hata aliyeacha hesabu zamani.

Jaribuni wawili mezani. Jumlisha tarakimu za kigawo cha kwanza: 37. Jumlisha tena 3 na 7, ni 10. 1 na 0, ni 1. Cha pili kinatoa 64, kisha 10, kisha 1. Zidisha 1 kwa 1, unapata 1. Sasa ile namba kubwa: tarakimu zake zinatoa 109, kisha 10, kisha 1. Zimelingana. Njia hii haithibitishi kwamba jibu ni sahihi, lakini zisipolingana, hakika kuna kosa mahali. Inafaa kwa kuzidisha kokote, hata 23 mara 14 ya darasani.

Kwa hiyo mtoto akikwama, mzazi hana haja ya kumpa jibu wala kumhimiza kwa saa. Amuulize, “Umefikia wapi?” Akimaliza, amwambie, “Haya, tuhakiki pamoja.” Kosa likionekana, walitafute bila kelele. Mtoto akiendelea kulia au kuumwa tumbo kila siku ya hesabu, mzazi azungumze na mwalimu mapema.

Na siku akiitwa mzito, akumbushwe yule profesa wa Jumapili.