Mchezaji Akistaafu, Mzigo wa Mshahara ni wa Nani?

Kitenzi 'kustaafu' tulikipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuomba kuondolewa dhima. Ndani ya neno lenyewe, basi, yupo anayeomba na yupo anayeombwa. Wanaoendesha ligi za kubuni za futiboli ya Kimarekani wangalilizingatia jambo hilo, huenda mzozo unaowagombanisha mara kwa mara usingalikuwapo. Mzozo wenyewe ni huu: mchezaji uliyemwandikia mkataba akistaafu kabla ya mkataba kwisha, mshahara wake uendelee kuhesabiwa juu yako, au ufutwe?

Wanafunzi wetu wengi wanaijua ligi ya kubuni ya Uingereza. Humo kila mshiriki hupewa pauni milioni 100 za kufikirika, akanunua wachezaji 15, na msimu ukiisha hesabu zote hufutwa. Anayestaafu huondoka katika orodha na hakuna wa kulia. Ligi za Kimarekani zenye kikomo cha mishahara zina taratibu nyingine. Mshiriki hununua mchezaji katika mnada, humwandikia mkataba wa miaka miwili, mitatu au minne, na jumla ya mishahara ya kikosi chake haina budi kubaki chini ya kiwango kilichowekwa. Mkataba huvuka msimu, na deni nalo huvuka. Mchezo huo wa kubuni ulibuniwa mwaka 1962, kwa juhudi za Bill Winkenbach na wenzake. Kikomo cha mishahara kiliigwa baadaye kutoka ligi halisi, NFL, iliyokianzisha mwaka 1994 kwa dola milioni 34.6 kwa kila klabu. Kufikia mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa dola milioni 279.2.

Wapo wasemao mkataba na ufe pamoja na kazi ya mchezaji, kwani mshiriki hana uwezo wa kumzuia mtu kwenda kupumzika. Hoja hiyo inavutia, lakini tazama inakotupeleka. Mwaka 2021 Tom Brady, akiwa na miaka 44, aliongoza ligi nzima kwa yadi 5,316 za kurusha mpira. Ikiwa kustaafu hufuta deni lote, mshiriki mjanja atamwandikia mzee kama huyo mkataba wa miaka minne bila hofu yoyote: akicheza, ni faida, akiondoka, hakuna hasara. Mwenzake aliyepima umri kwa busara, akasita kupandisha bei, ndiye atakayeadhibiwa. Mnada wa namna hiyo hauna maana.

Wengine hushikilia kwamba deni libaki lote hadi mwaka wa mwisho. Hao nawauliza kuhusu Andrew Luck wa Indianapolis Colts. Tarehe 24 Agosti 2019, akiwa na miaka 29 na amechoshwa na majeraha, alitangaza kwamba anaacha mchezo, msimu ukiwa umebakiza wiki mbili hivi kuanza. Ligi nyingi za kubuni hufanya minada yao mwezi huo huo wa Agosti. Mwalimu wa Kenya huijua tarehe yake ya kustaafu tangu siku anapoajiriwa, kwa kuwa miaka 60 ni miaka 60. Nani angeijua ya Luck? Kumtwika mshiriki mshahara mzima wa mtu huyo kwa miaka minne ni kumfukuza katika ligi, na ligi ya watu kumi au kumi na wawili ikimpoteza mmoja aliyekata tamaa huanza kuyumba.

Ligi halisi yenyewe hutuonyesha njia ya kati. Klabu hailipi mshahara wa miaka ambayo mchezaji hakucheza, ila fedha alizokwisha kupewa alipotia saini, na ambazo hesabu yake ilitawanywa katika miaka ya baadaye, hurudi kudaiwa katika kikomo. Brady alipostaafu mara ya pili, tarehe 1 Februari 2023, aliiachia Tampa Bay mzigo wa dola milioni 35.1, ilhali kikomo cha mwaka huo kilikuwa milioni 224.8. Katika ligi za kubuni aghalabu hakuna malipo ya kutia saini, hivyo napendekeza robo ya mshahara ishike nafasi yake. Mshiriki achague mojawapo: ama abebe robo hiyo kwa kila mwaka uliosalia na abaki na haki juu ya mchezaji, ama aibebe kwa mwaka mmoja tu na aipoteze haki hiyo kabisa. Aliyemnunua mchezaji katika mnada wa mwaka huo huo, akampoteza kabla ya mechi ya kwanza, nafikiri asamehewe yote, kwa kuwa hajala hata tunda moja la mkataba wake.

Haki juu ya mchezaji ina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Rob Gronkowski alistaafu Machi 2019, lakini New England Patriots walibaki na mkataba wake ukiwa umesimama tu. Alipotaka kurudi Aprili 2020, hakuwa huru kwenda apendako. Ilibidi Patriots wakubali kumhamisha kwenda Tampa Bay, nao wakapata fidia.

Linabaki suala la maneno ya kanuni, na hapa naomba walimu wa Kiswahili wanisikilize. Ukiandika 'mchezaji akistaafu, mkataba wake utapunguzwa', umeutegemea mno udogo wa kiambishi -ki-. Kiambishi hicho chatoa sharti. Hakisemi ni kitendo gani kilitimize, wala lini. Tarehe 1 Februari 2022 Brady alitangaza kwamba amestaafu. Tarehe 13 Machi, baada ya siku 40, akatangaza kwamba anarudi. Msimamizi aliyefuta mkataba wake kwa kusikia tangazo la kwanza alijikuta na mchezaji asiye na mwenyewe, na washiriki wote wakimgombea. Afadhali kifungu kirefu kisicho na tashwishi: 'mchezaji ambaye klabu yake imekwisha kumwandika katika orodha ya waliostaafu, na ambaye jina lake lingali katika orodha hiyo siku ya mnada'. Atakayestaafu baada ya mnada ahesabiwe kwa tarehe ya klabu kumwandika, si kwa uvumi wa magazeti.

Kifungu hicho kipigiwe kura mapema, wachezaji wote wakiwa bado uwanjani, kabla mshiriki yeyote hajajua ni kikosi cha nani kitakachopoteza mtu.