Unaweza Kutoa Shilingi Ngapi?

Kaa nusu saa kwenye benchi la ofisi ya Ustawi wa Jamii, usikilize wazazi waliotengana wanavyopangiwa matunzo ya mtoto. Mara nyingi swali la kwanza anaulizwa baba: "Unaweza kutoa shilingi ngapi?"

Baba anatazama dari. Elfu hamsini, anasema. Mama anaruka: laki mbili! Afisa anawaambia jamani sikilizaneni, huyu anashuka, yule anapanda, mwisho wanafunga kwenye themanini. Karatasi inasainiwa. Hivyo ndivyo watu wanavyonunua viatu vya mtumba soko la Karume!

Hakuna aliyeuliza mtoto anakula nini. Hakuna aliyeuliza kodi ya chumba anacholala ni kiasi gani. Hakuna aliyeuliza kama ana pumu.

Wala usiisingizie sheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka mahakama itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Wote wawili, mama, umesikia? Wewe mwenye duka la vipodozi unayeapa huna hata senti, nawe unamwibia mwanao. Lakini ni wapi sheria hiyo iliposema baba ajikadirie mwenyewe?

Wazee wanakumbuka sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa: shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia! Ilikaa vitabuni mpaka hiyo ya 2009 ilipoifuta, nasi tukapiga makofi. Tumeponea wapi, kama leo kila baba anajitungia mia yake?

Hebu tupige hesabu, maana tumezoea kuikwepa. Ile elfu hamsini aliyoanza nayo baba, gawanya kwa siku 30: shilingi 1,666 kwa siku. Humo mna uji wa asubuhi, wali wa mchana, chakula cha usiku, sabuni, nauli ya daladala, daftari na panadol ya homa ya usiku wa manane. Baba anasema shule ni bure siku hizi. Kweli, ada ilifutwa. Sare nazo zilifutwa? Viatu je? Uji wa shuleni je?

Pengo hilo analiziba nani? Bibi. Bibi huyo huyo aliyekwisha kulea wa kwake, leo anauza maharage ya mbegu ili mjukuu apate kalamu. Na bibi akishindwa, mtoto anauza karanga stendi saa tatu usiku. Halafu binti akirubuniwa kwa chipsi mayai, mtaa mzima unageuka kumshangaa mama: kalea vipi?

Utaniambia nchi haina namna ya kumbana mzazi. Usinichekeshe.

Ukisoma kwa mkopo wa serikali ukapata ajira, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wako. Kila mwezi. Haikuiti kwenye benchi, haikuulizi unaweza kutoa ngapi, haisikilizi habari za mke mpya. Ikifika tarehe, imeshakata! Deni la darasani lina asilimia, deni la damu yako mwenyewe lina huruma. Nani alipanga hivi, nasi tukanyamaza?

Wajerumani wana jedwali la Düsseldorf tangu 1962: linaangalia kipato cha mzazi na umri wa mtoto, kiasi kinaonekana. Sisemi tulibebe lilivyo. Nasema wao walikubali kukaa chini na kuhesabu.

Na wasio na mshahara? Dereva wa bodaboda hana hati ya mshahara, lakini hesabu ya bosi anaipeleka, mvua inyeshe jua liwake, maana asipopeleka pikipiki inanyang'anywa. Basi na mtoto awe na hesabu yake. Elfu tatu, elfu nne, kwa siku au kwa wiki, kwa simu, na ujumbe wa muamala uwe ndio risiti. Kinachokosekana hapa ni woga tu: bosi anaogopwa, mtoto haogopwi.

Nawe msomaji, umelala. Aprili 2018 Paul Makonda, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwaita kinamama waliotelekezewa watoto. Walifurika ofisini kwake, watoto mgongoni. Wewe ulifanya nini? Ulishika simu ukatafuta wakubwa gani wametajwa. Ukacheka, ukasambaza, ukalala. Waliokuwa mgongoni siku ile sasa wako shule ya msingi. Wangapi bado wanadai?

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe ni ya watoto.

Kwa hiyo usiende Ustawi mikono mitupu. Andika matumizi ya mtoto ya mwezi mzima, unga mpaka dawa, risiti zikiwepo zibebe, udai hesabu ianzie hapo kabla hajaulizwa mtu yeyote ana ngapi. Na kama kiasi chako kiliamriwa na mahakama mtoto akinyonya, leo yuko darasa la tano, rudi mahakamani ukaombe kibadilishwe. Sheria inaruhusu. Nenda wiki hii.