Barua ya Kujirekebisha na Jawabu Lake

Wanachama wenzetu huuliza afanye nini karani aliyepewa barua isemayo ya kuwa kazi yake ni hafifu, na ya kuwa amewekewa muda, pengine miezi mitatu, ajirekebishe chini ya macho ya mkuu wake. Sisi twasema, aijibu. Aijibu kwa maandishi na kwa adabu, wala asikae kimya.

Twajua ya kuwa wengi hawafanyi hivyo. Mmoja huikunja barua akaitia mfukoni, kisha akakaa ofisini hata usiku, akidhani jasho litasema kwa niaba yake. Mwingine hupandwa na hasira akaandika barua ya kuacha kazi siku ile ile. Huyu wa pili ajidhulumu zaidi, kwa maana aliyejiuzulu hutakiwa athibitishe mwenyewe ya kuwa alisukumwa. Na yule wa kwanza, pamoja na bidii yake yote, jalada lake halina neno lake hata moja; siku litakapofunguliwa mbele ya waamuzi, litasomwa la mkuu peke yake.

Jawabu lisiwe la matusi, wala la kusimulia tabia za mkuu. Liulize. Kipimo ni kipi? Barua isemayo “ongeza bidii” haina kipimo, kwa kuwa hakuna aijuaye bidii inakoishia. Bali isemayo barua za wananchi zijibiwe ndani ya siku tano, hiyo yapimika. Kipimo hicho nilijulishwa lini? Nitasaidiwa nini nikifikie? Karani alaumiwaye kwa kuchelewesha hesabu, naye hungoja zamu ya kompyuta moja itumiwayo na watu wanne, na aliandike jambo hilo pamoja na tarehe zake. Mwenye maradhi au msiba aseme. Na palipo na kosa lake kweli, alikubali waziwazi. Yale anayoyakataa yatapata uzito. Kisha aombe kuonana na mkuu kila baada ya wiki mbili, na baada ya kila kikao ampelekee mistari michache ya yaliyosemwa. Akitakiwa kutia sahihi, atie, lakini aandike hapo hapo ya kuwa ameipokea tu, na maoni yake yatafuata.

Maswali haya hatukuyabuni sisi. Kanuni za ajira za Tanzania Bara, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zataka mwamuzi atazame kama mfanyakazi alikijua kipimo, kama kipimo chenyewe ni cha haki, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi ya kutosha kukifikia. Hata fomu za OPRAS, mfumo ulioanza mwaka 2004 katika utumishi wa umma kabla ya PEPMIS kushika mahali pake, zilikuwa na sehemu ya vitendea kazi vilivyokubaliwa kati ya mtumishi na mkuu wake. Wangapi waliijaza sehemu hiyo kwa makini, hatusemi.

Wako wakuu waiandikao barua hii hali wamekwisha kukata shauri moyoni, na muda uliotajwa ni wa kutimiza desturi tu. Kwa mkuu wa namna hiyo, jawabu lenye tarehe lafaa zaidi kuliko kwa mkuu mwema. Hatusemi haya ili kuwafunika wavivu. Chama kikimtetea asiyefika kazini, kesho hakitasikilizwa kimteteapo aliyeonewa.

Likifika jambo la kuachishwa kazi, siku huhesabiwa upesi. Mwajiriwa wa kampuni ana siku 30 za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtumishi wa umma, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, sharti amalize kwanza njia za rufaa zilizomo ndani ya utumishi wenyewe. Katika njia hizo zote, atakachoulizwa kwanza ni karatasi.

Basi mwanachama atakayepata barua ya namna hii, na alete nakala yake kwa katibu wa tawi kabla hajaijibu, wala asingoje muda wake uishe.