Plastiki au Chuma? Habari za Kupoza Motokaa

Nyumba nyingi siku hizi zina motokaa, nazo nyingi katika hizo zilikwisha kutumika ng'ambo miaka mingi kabla ya kufika kwetu. Kwa hiyo swali hili huulizwa mara kwa mara: kifaa cha kupoza injini kikiharibika, je, ninunue cha plastiki kama kile cha kwanza, au nitafute cha chuma? Wengi hujibu upesi, “Cha chuma, maana chuma kina nguvu.” Jibu hilo si baya, walakini halijatimia. Na tulitazame kwa utaratibu, kwa kuwa akoseaye hapa hapotezi kifaa kimoja tu. Aweza kupoteza injini nzima.

Kwanza tujue kazi yenyewe. Pampu huyazungusha maji, nayo hupita ndani ya injini na kuchukua joto, kisha hufika katika rejeta, ambako upepo huyapoza. Njiani pana themostati, ndiyo mlango uzuiao maji mpaka injini ipate joto lake, kadiri ya digrii 90. Kifuniko nacho huyabana maji, yasichemke hata yakipita digrii 100. Basi kila kifaa hapo huvumilia mambo mawili pamoja, yaani joto na msukumo.

Zamani rejeta zilifanywa kwa shaba, na zilipovuja fundi aliziziba kwa lehemu. Baadaye viwanda vilianza kutumia alumini katikati na matangi ya plastiki kandokando, kwa kuwa ni nyepesi na gharama yake ni ndogo. Plastiki hiyo si ile ya ndoo. Ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, nayo ni imara. Lakini kila safari huipasha moto, na kila usiku huipoza. Miaka ikipita, hukauka, hubadilika rangi, hata ikapasuka, hasa pale bomba la mpira linapofungwa. Wala lehemu haiishiki.

Mfano ulio mashuhuri ni wa magari ya Ujerumani ya miaka ya 1990, kama BMW ya aina ya 3, na Volkswagen Golf iliyotolewa mwaka 1997. Baadhi ya pampu zake zilikuwa na gurudumu la mapanga la plastiki. Mapanga yale yalivunjika, au gurudumu likalegea juu ya mhimili wake. Kwa nje mkanda ulizidi kuzunguka kana kwamba mambo ni salama, kumbe ndani maji yamesimama. Wenye magari hayo wengi wakaweka pampu zenye gurudumu la chuma, nao walifanya vema. Hata hivyo mafundi huonya: beringi ya pampu ikilegea, gurudumu la chuma huweza kukwaruza nyumba yake na kuiharibu.

Maana chuma nacho kina adui wake, na adui huyo ni maji mabaya. Mtu akitia maji ya kisima au ya bomba peke yake, gurudumu la chuma hushikwa na kutu, na alumini huliwa polepole. Tena madini mawili ya namna mbili yakikutana katika maji ya chumvi, moja hulila jenzie. Kwa hiyo mtu aliyetoa fedha nyingi kununua kifaa cha chuma, kisha akajaza maji ya mtoni, amefanya kazi bure.

Basi neno lenyewe ni hili: plastiki huuawa na joto na umri, chuma huuawa na maji mabaya. Chagua ukimjua adui unayeweza kumzuia. Ukiwa tayari kutia dawa ya rejeta iliyoagizwa katika kitabu cha gari, ukiichanganya na maji safi yasiyo na chumvi, na kuibadilisha kwa wakati wake, chuma kitakufaa katika gurudumu la pampu na katika nyumba ya themostati. Ukinunua plastiki, nunua iliyo njema, uandike tarehe, wala usingoje ipasuke. Chombo cha akiba ya maji si lazima kiwe cha chuma. Uzuri wa kile cha plastiki ni kwamba waona kadiri ya maji bila kukifungua. Na pampu izungushwayo na mkanda wa ndani wa injini, ibadilishwe pamoja na mkanda huo, usilipe kazi ile ile mara mbili.

Nawaomba walimu na wazazi wawafundishe vijana mambo matatu. Mosi, kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa na moto. Maji yaliyobanwa huruka na kuunguza uso. Pili, mshale wa joto ukipanda, simamisha gari na kuzima injini. Wala usiutumaini mshale peke yake, kwa maana maji yakiisha kabisa huweza kudanganya. Tatu, dawa nyingi za rejeta ni sumu, nazo zina ladha tamu. Zifichwe mbali na watoto na wanyama, na iliyomwagika ioshwe mara moja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Bomba lililolainika au tangi lililogeuka rangi ni ufa. Injini iliyopinda kwa joto ni ukuta, na gharama yake huweza kula karo ya watoto. Ukaguzi wa asubuhi, injini ikiwa baridi, hauchukui hata dakika tano.