Maji ya Mtoni Aliyateka Nani?

Nina ugomvi na neno moja. Neno lenyewe ni "watumishi". Nenda Unguja kwa matembezi ya siku moja, zungushwa kwenye makasri ya masultani kule Maruhubi, Mtoni na Kidichi, utalisikia mpaka masikio yachoke. Sultani alikuwa na watumishi wake. Bibi alipelekwa bafuni na watumishi. Chakula kililetwa na watumishi. Unaweza ukadhani hawa watu waliona tangazo la kazi gazetini, wakaandika barua ya maombi, wakaambatanisha picha mbili ndogo na kuitwa kwenye usaili.

Walikuwa watumwa. Kiswahili kinalo neno hilo, na kinayo mengine ya ukoo wake: mjakazi, kijakazi, suria, mzalia, mtoro. Lugha haijiwekei akiba ya maneno namna hiyo kwa jambo lililopita mara moja na kusahaulika. Kila moja lina kazi yake. Mzalia si sawa na aliyeletwa juzi kutoka bara, na suria si sawa na mpishi. Sasa sisi tuliorithi akiba yote hiyo tukifika pale penyewe, kwenye mawe, tunachomoa neno la ofisi ya utumishi wa umma.

Mwezi wa nane kikoba cha mtaani kwetu Kibamba kilikwenda huko, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Watu thelathini na kitu, madira ya kitambaa kimoja, maandazi kwenye ndoo, watoto wachache waliobebwa kwa sababu hapakuwa na wa kuwaachia. Mimi nilikwenda kama mume wa mwanachama, cheo ambacho kazi yake ni kubeba ndoo. Na niseme mapema, kabla sijaitwa mharibu raha: matembezi ni kitu kizuri. Kwetu Kibamba burudani ya Jumapili ni kukaa kando ya barabara ya Morogoro na soda, ukiangalia malori yanavyopandisha kuelekea Kibaha. Mtu aliyeweka hela kidogo kidogo mwaka mzima ili aone bahari kutoka upande wa pili ana haki ya kucheka, kula urojo na kupiga picha mpaka simu izime.

Lakini picha zile zilipigwa kwenye nguzo za Maruhubi, na ndipo mtembezaji wetu alipotoa stori yake kubwa. Kasri hili, alisema, lilijengwa na Sultani Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880, akaishi humo na wake tisini na tisa. Wanaume wakapiga makofi. Mmoja akasema yeye mmoja tu anamshinda. Tukacheka, tukahamia nguzo inayofuata. Kwamba jengo liliungua mwaka 1899 tuliambiwa pia, na huo ndio ukawa msiba pekee uliotajwa mahali hapo: moto.

Wale tisini na tisa, kama idadi ndiyo hiyo, hawakuwa wake. Sheria ya Kiislamu inampa mwanamume wake wanne, hilo hata mtoto wa madrasa anakujibu. Waliobaki wanaitwa masuria, na suria ni mwanamke anayemilikiwa. Alinunuliwa, alitekwa au alitolewa zawadi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya amri ile. Wao walisubiri mpaka mwaka 1909. Miaka kumi na miwili zaidi, kwa sababu Waingereza waliokuwa wakisimamia mambo hawakutaka kuingilia nyumba za wakubwa. Hebu nieleze, hiyo si stori? Hiyo haina mvuto kuliko mzaha wa tisini na tisa? Mimi ni mwandishi wa habari, najua kichwa cha habari nikikiona, na hiki kimelala pale Maruhubi chini ya nguzo, watu wanakikanyaga.

Tulipofika Mtoni jua lilikuwa utosini. Mtoni ndilo kongwe zaidi kati ya makasri tuliyoonyeshwa, la Seyyid Said mwenyewe, lilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1820. Leo ni kuta zilizobomoka zikitazama bahari. Mtembezaji akasema waliishi hapa watu elfu moja. Wote tukaguna. Ndipo dada wa kazi wa jirani yetu, binti wa Singida aliyekuja kwa ajili ya kumbeba mtoto wa bosi wake, akauliza swali pekee la maana lililoulizwa siku ile: "Sasa watu elfu moja, maji nani alikuwa anawatekea?"

"Watumishi," akajibiwa. Kisha tukaonyeshwa mabafu.

Simlaumu sana yule kijana. Amefunzwa hivyo, na wageni wanaompa bahashishi hawaji kusikia habari za ndoo. Ninaowalaumu ni sisi tunaoandika. Kila msimu wa likizo magazeti na mitandao yetu hutoa makala za "vivutio", na ukizisoma utaona zimenakiliana kama wanafunzi wa mtihani mmoja: upepo mwanana, harufu ya karafuu, binti wa mfalme aliyependa Mzungu. Karafuu ile ilipandwa na nani, ilichumwa na nani, hakuna aya. Said alihamishia makao yake Unguja kutoka Oman, na mashamba ya karafuu yaliyolipia marumaru na vioo yalifanyishwa kazi na watumwa waliotolewa huku kwetu bara. Ukitaka kujua ukuta wa Mtoni umetokana na nini, jibu haliishii kwenye chokaa na mawe ya matumbawe.

Na huyo binti wa mfalme tumsome basi, badala ya kumtaja taja. Sayyida Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ile idadi ya watu elfu moja inatoka kwake. Ni kitabu kizuri, nakiri, chenye jicho la mtoto aliyekuwa akikimbia kwenye ua uliojaa wanyama na ndege. Lakini ni kitabu kinachotetea utumwa. Anawaambia Wazungu wasiufananishe utumwa wa kwao Unguja na ule wa Marekani, kwamba huu ulikuwa na upole. Anayasema hayo huku mama yake mzazi, Jilfidan, akiwa suria, Mcherkesi aliyetekwa akiwa mtoto mdogo baada ya wazazi wake kuuawa. Mtu anayesoma kurasa hizo mbili bila kusimama, sijui anasoma nini. Kwenye matembezi yetu Salme ni mapenzi tu. Mama yake hatajwi.

Ajabu ni kwamba kazi ya kuwataja ilishafanywa, na imefanywa na watu wa palepale. Adam Shafi alichapisha Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978. Wengi wetu tunaikumbuka riwaya hiyo kama kitabu cha mapinduzi, na ni kweli, kuna kurasa ambazo mwandishi anamshika msomaji mkono kama mjumbe wa tawi anayekupeleka mkutanoni. Mwinyi Fuad ni mbaya tangu anapoamka mpaka anapolala, hapumziki hata siku moja. Lakini Kijakazi! Kijakazi ndiye mtu ambaye mtembezaji wetu hakumpata. Anaamka kabla ya wote, anamtumikia bwana wake kwa utii ambao unamtia msomaji hasira, na dunia inapogeuka mwaka 1964 yeye ndiye anayechelewa kuamini kwamba imegeuka. Hata jina hana, amepewa neno la cheo chake. Shafi alielewa kwamba kasri halisimuliwi kutoka kwenye roshani. Linasimuliwa kutoka jikoni, na kutoka jikoni ndipo unapojua nyumba inaendaje.

Abdulrazak Gurnah naye, aliyepata Nobeli mwaka 2021, ana bustani. Katika Paradise ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kijana Yusuf anawekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa deni la baba yake, na kinachomtuliza roho ni bustani ya tajiri huyo iliyozungushiwa ukuta. Nani anaitunza bustani? Mzee Hamdani, mtumwa, ambaye aliwahi kupewa uhuru akaukataa kwa hoja kwamba waliompa hawakuwa nao wa kumpa. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na kila mara naona bustani yote inabadilika rangi. Maua ni yaleyale. Ila sasa unajua mkono.

Kuna wanaosema watu wamekwenda kupumzika, kwa nini muwaletee huzuni. Hoja hii haikuzaliwa kwetu. Uingereza wana shirika linaloitwa National Trust, linalotunza majumba ya mabwana wa zamani na bustani zake, ambako familia huenda mwisho wa wiki kunywa chai na kuangalia mawaridi. Septemba 2020 shirika hilo lilitoa ripoti iliyotaja majumba 93 yenye uhusiano na ukoloni na biashara ya utumwa. Kelele zilizopigwa! Baadhi ya wanachama, wabunge na magazeti walilalamika kwamba siku yao ya mapumziko inaharibiwa na siasa. Mawaridi hayakunyauka lakini. Majumba yapo, chai ipo, na anayetaka kujua sukari ya chai ile ilitoka wapi ana pa kusoma.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na siwezi kuipita mbio. Unguja maneno haya yana damu. Habari za utumwa zilitumika kama rungu kwenye siasa za kuelekea 1964, na waliopigwa na rungu hilo hawakuwa masultani peke yao. Walikuwemo wauza kahawa na wavuvi ambao hawakuwahi kumiliki hata mbuzi. Kwa hiyo anayeniambia "usichokonoe" simuoni mwoga. Ninamwambia tu kwamba kinyume cha rungu si kunyamaza. Rungu linapenda ukimya, kwa sababu kwenye ukimya kila mtu anajitungia. Simulia kwa ukamilifu, utaona lawama haikai upande mmoja. Dunga, katikati ya kisiwa, kuna magofu ya kasri la Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji, lililojengwa katikati ya karne ya 19, na masimulizi ya watu wa huko kuhusu watumwa na ujenzi wake yanatisha kuliko ya Maruhubi. Misafara iliyoshuka Bagamoyo ilikuwa na watu wa bara waliouza watu wa bara. Huku Tanganyika kwenyewe utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza, baada ya Wajerumani kuuacha uendelee. Ukiyaweka yote mezani, hakuna kabila wala rangi inayoondoka mikono mitupu.

Halafu kuna jambo la karibu zaidi, ambalo nadhani ndilo linalofanya neno "watumishi" lituingie kirahisi. Pita Kibamba leo. Kila baada ya viwanja viwili kuna ghorofa linainuka, ukuta wa futi nane, geti la chuma, bustani ya nyasi za kununua. Nyuma, kando ya tangi la maji, kuna chumba kimoja kisicho na dari. Anayelala humo zamani aliitwa boi au yaya, baadaye hausigeli, sasa tumemwita dada wa kazi. Dada! Dada asiyekaa mezani, ambaye mshahara wake unacheleweshwa kwa sababu "anakula hapahapa". Sisemi yeye ni mtumwa. Anaweza kufungasha akaondoka, na wengi hufanya hivyo usiku, tena wana akili. Ninachosema ni kwamba tumekuwa mafundi wa kubadili jina huku chumba kikibaki vilevile. Mtu mwenye ufundi huo nyumbani kwake hawezi kushtuka Mtoni.

Yule binti wa Singida hakushtuka pia, kwa sababu zake. Kwenye boti ya kurudi, mtoto kamlalia begani, aliniambia kwamba ukiangalia umbali wa mto na ukubwa wa zile kuta, lazima walikuwa wanateka tangu alfajiri, na wa zamu ya jioni walikuwa wengine. Alikuwa amepiga hesabu yote kichwani. Kuna wanahistoria wangefurahi kuwa naye darasani.

Sasa, Beit al-Ajaib. Jumba la Barghash la mwaka 1883, lililostahimili mizinga ya Waingereza Agosti 1896, liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Siku milango yake itakapofunguliwa tena kutakuwa na vibao vipya ukutani, na mtu fulani atakaa kwenye meza aandike maneno ya kuwekwa humo. Ninaomba waandishi wa Kiswahili waitwe kwenye meza hiyo, sio wataalamu wa utalii peke yao. Na wasisubiri jumba. Mtoni na Maruhubi hazihitaji saruji ili kuweka kibao. Kiandikwe suria pale walipokaa masuria, pamoja na mwaka 1909. Kiandikwe mtumwa. Na njia ya kutoka mtoni kwenda jikoni ionyeshwe kwa mshale, ili kikoba kijacho kiipite kwa miguu kabla ya kufika kwenye mabafu.