Begi Gumu la Kebini Ni Mzigo Juu ya Mzigo

Ingia duka la mabegi pale Kariakoo, sema unapanda ndege mara kwa mara na unatafuta begi dogo la kuingia nalo ndani. Muuzaji atakushushia sanduku la plastiki linalong'aa, atalipiga ngumi, kisha atapanda juu yake na kusimama. "Bosi, hili ni la maisha." Mteja anaridhika, anatoa fedha. Haulizi swali lililo mbele ya macho yake: kule kwenye ndege, nani atasimama juu ya begi langu?

Imani kwamba ganda gumu ndiyo dalili ya begi la kudumu imeota mizizi kiasi kwamba anayebeba begi la kitambaa huonekana ameshindwa bei. Naipinga imani hii. Kwa mzigo wa mkononi, ganda gumu linakukinga na adui asiyekuja na kukuacha mikononi mwa wale wanaokuja kila safari.

Fuata njia ya begi lenyewe. Sanduku linaloachwa kaunta hurushwa, hurundikwa na hudondoshwa. Huko ganda gumu lina kazi. Begi la kebini halipiti huko. Linatoka kwenye teksi, linaburutwa uwanjani, linapita kwenye mashine ya ukaguzi, linanyanyuliwa hadi kwenye kabati la juu, linashushwa, na kesho yake linaanza upya. Vinavyoumia katika mzunguko huo ni magurudumu, mpini wa kuvutia, zipu na mishono ya vishikio. Mabegi mengi hutupwa kwa sababu ya hivyo, ganda likiwa zima kabisa.

Tuanze na magurudumu. Mwaka 1987 Robert Plath, rubani wa shirika la Northwest la Marekani, alibuni begi la kusimama wima lenye magurudumu mawili na mpini wa kuchomoa. Wateja wake wa mwanzo walikuwa marubani na wahudumu wa ndege, watu ambao kusafiri ndiyo kazi yao. Magurudumu ya mtindo huo hukaa ndani ya pembe za begi, nusu yamefichwa, na huelekea upande mmoja tu. Masanduku magumu ya leo yana magurudumu manne madogo yanayozunguka kila upande, yote yakiwa nje kwenye vijiguu vyembamba. Kwenye vigae vya jengo la tatu la uwanja wa Dar es Salaam yanateleza kwa raha. Yapeleke kwenye changarawe au vichochoro vya Mji Mkongwe, mchanga uingie, gurudumu moja ligome, na hapo sanduku zima linahamia begani. Isitoshe, mashirika hupima begi pamoja na magurudumu yake. Zile sentimita chache zinazobaki chini ya ganda umezilipia bila kuweka hata soksi.

Kisha kuna mizani. Emirates, Qatar Airways na Ethiopian humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 7 za mkononi. Sanduku gumu la magurudumu manne peke yake huweza kufika kilo 3. Weka kompyuta na chaja yake, karibu kilo 2 zimekwenda. Kilichobaki ni nafasi ya shati, kanga na dawa ya meno. Yale ya alumini ya kifahari huanzia zaidi ya kilo 4, kwa hiyo mwenye nalo amekwisha kula zaidi ya nusu ya haki yake kabla hajafungua kabati la nguo. Begi zuri la kitambaa lisilo na magurudumu lina uzito wa kilo 1 hivi.

Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi, waulize wanaorusha ndege ndogo kwenda Serengeti. Kampuni nyingi za safari hizo huomba abiria aje na begi laini, la kilo zisizozidi 15 kwa jumla, kwa sababu sehemu ya mizigo ni finyu na sanduku lisilokunjika huziba nafasi ya wenzake. Mtalii aliyetumia fedha nyingi kununua ganda la kung'aa huishia kuliacha hotelini Arusha na kuazima begi la turubai.

Hata miongoni mwa maganda yenyewe, lililo gumu zaidi silo linalodumu. Plastiki ya bei nafuu inayoitwa ABS hukataa kupinda, na ikigongwa pembeni hupasuka. Polikaboneti hudumu zaidi kwa sababu inakubali kubonyea na kurudi. Nailoni nene ya balistiki, iliyoanzia kwenye mavazi ya kujikinga na vipande vya makombora wakati wa Vita Kuu ya Pili, hufuata kanuni hiyohiyo: inanyumbuka. Ikichanika, fundi viatu yeyote mwenye sindano na uzi wa nta ataishona ukimsubiri. Ganda lililopasuka pia atalishona ukimbembeleza, kama anavyoshona beseni, lakini sijui nani atapita nalo mbele ya maofisa wa uhamiaji. Na ile dhamana ya maisha? Isome. Mara nyingi haihusu uchakavu wa kawaida, na wakala wa kuitimiza hayupo mtaani kwenu.

Najua majibu ya upande wa pili. Kwamba kitambaa kinachanwa kwa kisu: kweli, lakini sanduku gumu la zipu hufunguliwa kwa ncha ya kalamu ikichomekwa katikati ya meno, kufuli likiwa mahali pake. Kwamba ndege ikijaa begi huchukuliwa mlangoni na kupelekwa chini: linaloanza kuchukuliwa ni lile lisiloingia popote, ilhali la kitambaa unalibana chini ya kiti cha mbele. Kwamba vitu vya kuvunjika vinahitaji ganda: chupa huvunjwa na mwenzake aliyelegea ndani, kwa hiyo izungushie nguo. Hoja moja tu naikubali. Mwenye mgongo mbovu au umri mkubwa anahitaji magurudumu. Basi anunue ya Plath, mawili, kwenye begi la kitambaa.

Kwa hiyo, ukirudi dukani, mwache muuzaji aendelee kusimama juu ya sanduku lake. Wewe omba mzani kwanza. Chomoa mpini wote uutikise. Ukicheza ukiwa mpya, utang'oka. Vuta zipu kwenye kona begi likiwa limejazwa, maana hapo ndipo hukwama. Geuza ndani nje uone kama vishikio vimeshonwa kwa mishono ya msalaba au vimebandikwa tu. Tazama kama gurudumu limefungwa kwa skrubu, linaloweza kubadilishwa, au kwa ribiti. Begi likifaulu hayo, hiyo ndiyo thamani ya fedha yako, hata kama halina mng'ao. Likishindwa, ganda halitalisaidia, na lisikushawishi kulipa zaidi.