Kabla ya kumnyang'anya mtoto riwaya, tuisome



Wiki hii tunazungumzia vitabu vya hadithi. Likizo imewadia, na vijana wetu wanarudi kutoka maktaba wakiwa na riwaya mikobani. Wapo wazazi wanaozitazama riwaya hizo kwa jicho la shaka, na sisi tulikuwa miongoni mwao.

Likizo iliyopita tulimkuta binti yetu wa miaka 14 kibarazani, amezama katika kitabu alichoazima maktaba. Tulipochungulia, macho yetu yaliangukia ukurasa unaotaja ulevi. Hatukuuliza. Tulimnyang'anya kitabu, tukakifungia kabatini. Binti hakubisha, lakini tangu siku hiyo hakutuonesha tena anachosoma, na muda wake wa kusoma akauhamishia kwenye simu ya kaka yake. Hapo ndipo tuliposhituka, kwani kitabu angalau tulikiona; ya kwenye simu hatukuyajua.

Tukakitoa kabatini tukakisoma wenyewe. Kilikuwa Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, kilichotoka mwaka 2002 na kusomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini. Ni kisa cha mama anayehangaika kuuza chakula, mume mlevi, na watoto ambao ufukara unawatoa shuleni na kuwatupa mitaani, kwenye majalala na jirani na dawa za kulevya. Mwandishi hausifu ulevi. Anaonesha machungu yake. Kumbe tulikuwa tumemnyima binti yetu mawaidha yale yale tunayompa kila siku.

Tulimwomba radhi na kumrudishia. Alipomaliza alituuliza: "Majirani wa mama yule walikuwa wapi?" Swali hilo lilitufikisha kwenye haki za jirani na wajibu wa zaka, na tukazungumza hadi adhana ya Isha.

Tangu hapo tunasoma kwanza kabla ya kukataza. Kwa wanaotafuta pa kuanzia, hivi ni vitabu vitatu zaidi tulivyovisoma.

Kwa wenye umri wa kuanzia miaka 11, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert (1952). Asili ya kisa hiki imo katika Alfu Lela U Lela. Ndugu wawili wenye husuda wanamdhuru ndugu yao, kisha wanageuzwa manyani. Mtoto aliyekwisha kusomeshwa Surat Yusuf ataitambua husuda ya ndugu kwa ndugu bila kuoneshwa. Kiswahili chake ni kizito kidogo, hivyo ni vyema mzazi akisome kwa sauti, na aeleze mahali panapotajwa majini.

Kwa wa miaka 13 na zaidi, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla (1960). Kumetokea mauaji Unguja, na watu wanauhofu mzimu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anatafuta ushahidi badala ya kuamini uvumi. Kiko hatukisifu, ila kijana atajifunza kutumia akili mbele ya ushirikina.

Kwa wa miaka 15 na kuendelea, Siku Njema cha Ken Walibora (1996). Kijana wa Tanga anafiwa na mama yake, kisha anafunga safari hadi Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Katika nyumba zetu wamo watoto waliofiwa ambao hawana maneno ya kusema yaliyomo moyoni. Huenda wakayapata humo.

Vitabu vya namna hii viulizwe katika maktaba za mikoa. Kwa walioko Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ina sehemu ya watoto. Mzazi aende na mwanawe, amweleze mkutubi umri wa mtoto, na asome kurasa chache kabla ya kuazima. Hatusemi kila riwaya inafaa. Zipo zilizoandikwa kwa watu wazima, na zipo chafu. Ikibidi kukataza, mtoto aelezwe sababu na apewe kingine siku hiyo hiyo. Swala na madrasa zibaki katika nyakati zake.

Ama binti yetu, amerejea kusoma kibarazani. Lakini bado tukipita karibu hukigeuza kitabu kifudifudi. Tumelivunja jambo kwa dakika moja, na kulijenga upya kunachukua miezi. Tunaandika haya ili mzazi mwingine asilivunje.

Allah (SW) atujaalie hekima katika amana hii ya watoto. Amin.